Kisanduku cha Nne

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana wengine wote wameshajitetea na nimechoka kuwasikiliza.

Jina langu ni Teresia. Hapa Kilburn wananiita Mama Titus, hata wale ambao hawajawahi kumwona Titus, jitu zima lenye kipara linaloishi Leeds na kunipigia simu Krismasi. Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi katika kituo cha watoto kilichokuwa nyuma ya barabara kuu, karibu na kanisa lililogeuzwa kuwa ukumbi wa mazoezi. Kadi yangu ya shingoni ilisema Family Outreach Worker. Kwa lugha ya watu, kazi yangu ilikuwa kugonga milango ya wanawake wenye watoto wadogo, wasio na mama, wasio na shangazi, wasio na jirani wa kuwashikia mtoto dakika tano wakaoge, nikawaambia njooni, kuna chai na kuna joto. Wakija wanamkuta mkunga, wanakuta mizani, wanakuta mtu wa kuwasomea barua za idara ya nyumba, na kila Alhamisi wanamkuta mtaalamu wa matamshi kwa watoto wanaochelewa kusema. Lakini huwezi kumweleza mtu yote hayo mlangoni huku mtoto analia. Mlangoni unasema chai.

Ndivyo nilivyompata Angélique. Halmashauri ilikuwa imemweka katika chumba kimoja cha hoteli ambayo haijapokea mtalii tangu enzi na enzi, ghorofa ya tatu, yeye na mwanawe Plamedi, kitanda kimoja, dirisha lisilofunguka. Alizaliwa Bukavu, akapitia kambi ya wakimbizi Uganda, akaingia Uingereza, akangoja makaratasi karibu miaka miwili, na alipoyapata akagundua kwamba makaratasi hayamshiki mtu mkono. Plamedi alikuwa na miaka miwili na miezi minane na hakuwa amesema neno hata moja. Hakulia sana, wala hakucheka. Alipanga vifuniko vya chupa kwenye ukingo wa dirisha, akavipangua, akavipanga upya.

"Mama Titus," Angélique aliniuliza siku ile ya kwanza, "huyu mutoto, Mungu alimufunga kinywa?"

Nikamwambia Mungu ana kazi nyingi, hana muda wa kufunga vinywa vya watoto. Njoo Alhamisi.

Akaja. Mtaalamu wetu, Tatiana, ni msichana aliyezaliwa hapa na wazazi Wakenya. Kiswahili anakisikia vizuri, ila akikisema kinamtoka kwa kuchechemea. Aliketi sakafuni na Plamedi, akapuliza mapovu ya sabuni, akanyamaza. Akapuliza, akanyamaza. Wiki saba alipuliza na kunyamaza, mpaka nikaanza kusema moyoni kwamba huyu binti kapata kazi ya raha. Wiki ya nane, mapovu yalipokwisha, Plamedi alimshika Tatiana kidevu akasema, "Tena."

Angélique alikuwa na kikombe mkononi. Alikiweka chini polepole, akatoka kwenye korido, akalia mpaka mwenzetu wa mapokezi akaja kuuliza kama kuna msiba.

Kufikia Krismasi Plamedi alikuwa na maneno manne: tena, maji, hapana, na bye-bye. Tatiana alituambia wazi. Mtoto akipata mwaka mmoja wa Alhamisi bila kukatizwa, ataanza shule akiweza kumwambia mwalimu anaumwa wapi. Akikatizwa sasa, yeye Tatiana hajui. Foleni ya kliniki ilikuwa miezi kumi na minane, na umri wa Plamedi haukuwa wa kungoja foleni. Nilimwahidi Angélique mwaka huo mmoja. Nilimwambia, "Maadamu mimi nipo hapa, Alhamisi yako ipo." Niliahidi kitu ambacho hakikuwa changu.

Januari halmashauri ikatangaza kwamba inakusudia kufunga vituo vitano kati ya vinane na kuviunganisha kuwa kimoja kikubwa chenye jina zuri. Sisi tulikuwa kwenye orodha. Basi vikaanza vikao, magazeti ya mtaani yakaandika, wanasiasa wakapigwa picha mlangoni kwetu wamebeba watoto wa watu. Chama kimoja kilisema serikali kuu ndiyo imewanyima fedha. Kingine kikasema fedha zipo, ila zimepelekwa kwingine. Kila aliyesimama alipenda watoto. Sijawahi kuona watoto wakipendwa namna ile. Ungewasikiliza ungedhani hakuna mtu duniani aliyekuwa anataka kufunga chochote, na kwamba milango itajifunga yenyewe tu kwa bahati mbaya.

Lakini sheria inasema wananchi waulizwe kwanza. Ikaletwa fomu ya kurasa mbili, wiki sita za kuijaza. Jina, mtaa unaoishi, unatumia huduma gani. Na kisanduku cha nne: una watoto wangapi walio chini ya miaka mitano?

Hapa lazima nieleze, maana Waingereza niliowaeleza wote waliniangalia kwa huruma. Kwetu Kitui mtoto hahesabiwi. Mgeni akikuuliza una watoto wangapi unamwambia wapo, au Mungu amejalia, na mgeni mwenye adabu haulizi mara ya pili. Siku moja mjomba wangu alitunyooshea kidole mmoja mmoja ajue apange vikombe vingapi vya uji, na nyanya akamchapa mkono kwa mwiko, mtu mzima na ndevu zake. Mimi ni mtu wa kanisa, na nimekaa London miaka ishirini na sita. Siyaamini mambo hayo. Lakini hata leo ukiniuliza nina watoto wangapi, nitakujibu nina Titus na wadogo zake.

Kumbe si Wakamba peke yetu. Kina mama walikaa pale kituoni na fomu mapajani, na kila mmoja kalamu yake ilisimama palepale. Zahra wa Mombasa, ambaye ana pacha wazuri ajabu, alisema, "Mimi siandiki wanangu kwenye karatasi ya watu nisiowajua. Hasidi hana sababu." Wasomali wakamuunga mkono. Mnigeria mmoja akaweka kistari tu. Wengine waliogopa kwa njia za kisasa zaidi: ukiandika idadi, watu wa idara ya nyumba watakwambia chumba kimoja hakiwatoshi, na badala ya kukupa kikubwa watakuhamishia mbali.

Angélique alikuwa na sababu yake, na alinieleza mimi peke yangu tukiosha vikombe. Kule kambini walikuja watu wenye mashine na wino wa vidole. "Balihesabu, moja, mbili. Nilikuwa na bawili, Mama Titus. Siku tisa nyuma ya ile, nikabaki na mumoja, huyu Plamedi." Ilikuwa surua. Mimi najua ilikuwa surua na yeye anajua ilikuwa surua. Ni mwanamke aliyesoma, alikuwa karibu kumaliza ualimu. Lakini surua hiyo haikuwapo kambini kabla ya wale watu wa wino.

Kwa hiyo nikawaambia, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu: "Jazeni vyote. Hicho cha nne mwachieni Mungu." Nilijiona nina hekima. Nilijiona mtu anayewaelewa watu wake. Fomu mia moja sitini na moja nilizikusanya kwa mkono, nyingine nikizifuata hadi majumbani, nikazipakata kwenye basi kama keki ya harusi mpaka ofisi za halmashauri.

Baada ya wiki tatu ripoti ikatoka. Majibu halali kutoka kituo chetu: kumi na tisa.

Nilipiga simu idara ya takwimu nikampata kijana anaitwa Jeff. Si mtu mbaya Jeff. Alinisikiliza mpaka mwisho na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa. "I'm so sorry, Teresia. Question four is mandatory. If it's blank, the system treats the whole form as incomplete." Yaani kisanduku cha nne kikiachwa wazi, fomu nzima haihesabiwi.

"Basi nirudishie nizijaze. Nawajua wote. Naweza kujaza leo leo."

Hilo nilimwambia kwa Kiingereza, bila shaka, na yeye akanijibu kwamba muda ulifungwa Ijumaa saa sita mchana. Nikamuuliza hizo mia moja arobaini na mbili ziko wapi. Akasema ziko salama kabisa, ndani ya sanduku.

Niliingia choo cha wafanyakazi nikajifungia. Nilikuwa nimewaambia wanawake mia na zaidi waache wazi, na kwa kuacha wazi nimewafuta. Hakuna adui aliyefanya hivyo. Wale waliotaka kutufunga hawakuhitaji hata kunyanyua kidole.

Nilichokuwa nimebaki nacho ni Maureen. Maureen ni diwani wetu, binti wa marehemu Sister Pauline, nesi tuliyesali naye miaka mingi. Wakati wa kampeni vijikaratasi vyake vilikuwa na methali ya Kiswahili, "Samaki mkunje angali mbichi," na mimi kwa miguu yangu mibovu nilivigawa kuanzia kituo cha treni hadi mwisho wa barabara. Nilimfuata maktaba, anakokutana na wananchi Jumamosi.

"Auntie, nimesikia. Pole sana," akaniambia. "Lakini kamati itakubali mtu mmoja kutoka kila centre aongee, dakika tatu. I've put your name down. Na Auntie, please, usiwaletee stories. Hawa watu wanaelewa figures peke yake. Wape namba ya watoto."

"Maureen, wewe ni Mkenya. Unajua kwa nini hawakuandika. Si uwaeleze wewe? Wewe wanakusikiliza."

"Nikisimama mbele ya press nianze mambo ya watoto hawahesabiwi, itaonekana aje?"

"Itaonekana ni ukweli."

Akacheka kidogo, akaangalia saa. "Auntie, mficha uchi hazai. Hesabu watoto."

"Na kura yako?"

"Leave that with me," akasema, akanishika bega. Nikatoka nikiamini hilo lilikuwa ndiyo. Mtu akitaka kudanganyika hahitaji kusaidiwa sana.

Kikao kilikuwa Jumanne moja ya Machi, saa kumi jioni. Niliwabembeleza kina mama waje na watoto. Angélique alikataa mara mbili. Nikamfuata hotelini, nikamwambia, "Wewe njoo ukae tu, hutasema neno. Wakimwona Plamedi hawatathubutu." Akaja kwa sababu ni mimi niliyemwomba. Alikaa mstari wa nyuma kwenye viti vya wananchi, Plamedi mapajani, na yeye mama amevaa koti la bluu lililokuwa kubwa mno kwake.

Wajumbe tisa walikuwa wameketi nyuma ya meza ya nusu duara, kila mmoja na maji yake. Walizungumza saa nzima. Mmoja akasema miaka mitano ya kwanza ndiyo msingi wa maisha. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mwingine akasema kila familia inayosaidiwa mapema ni mzigo mdogo kwa polisi na hospitali baadaye, wakaitikia tena. Bwana mmoja wa upinzani akasema ni aibu, akapiga meza, kisha akaomba radhi kwamba ana treni ya kuwahi, akaondoka kabla ya kura. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akasoma takwimu kituo kwa kituo. Alipofika kwetu alisita, akainua macho.

"Nineteen families," akasema. "We have to ask ourselves, honestly, whether we can hold open an entire building for nineteen families." Jengo zima, kwa familia kumi na tisa tu.

Ndipo wakaniita.

Nilikuwa na karatasi yangu imeandikwa vizuri. Nilianza kuisoma. Nikasema kuhusu wanawake wasiotoka nje siku nne mfululizo, kuhusu mama aliyekuja na mtoto mgongoni na wembe mfukoni, akaondoka na mtoto tu. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa kama alivyowaitikia wenzake wote, akauliza kwa upole, "But do you have a number for us, Teresia? A verified number?" Alitaka namba iliyothibitishwa.

Sijui hasira ile ilitoka wapi. Pengine ilikuwa ya wale kumi na tisa, pengine ya yule bwana wa treni, pengine ilikuwa yangu mimi juu yangu mimi. Niliweka karatasi chini. Nikageukia viti vya wananchi, nikanyoosha kidole.

"One," nikasema. Nilihesabu kwa Kiingereza, nikijidanganya kwamba kwa Kiingereza haidhuru. "Two. Three."

Wazungu walidhani ni jambo zuri la kugusa moyo, na mmoja akaanza kutabasamu. Kina mama wangu hawakutabasamu. Zahra aliwavuta pacha wake akawafunika na mtandio wake mweusi, wote wawili, na mimi nikawahesabu wakiwa chini ya mtandio. Msomali mmoja akainuka na mwanawe akaelekea mlangoni, nikamhesabu mgongoni. Nilisikia mtu akiniita, "Mama Titus, basi," sikusimama.

Nilipofika mstari wa nyuma nilikuwa nimefika kumi na tatu. Angélique alikuwa ameshamwingiza Plamedi ndani ya koti lake yeye mwenyewe, amefunga vifungo, miguu tu ya mtoto ndiyo iliyokuwa ikining'inia. Alinitazama akitikisa kichwa, polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisihi. Mimi nilikuwa mtu pekee London nzima anayejua habari ya wale wawili na ya siku tisa, na yeye alijua kwamba najua. Ningeweza kuishia kumi na tatu. Isingepunguza chochote. Lakini nilikuwa nimeshapandwa na joto la kushindana, nilitaka hesabu iwe kamili.

"Fourteen," nikasema, na kidole changu kilikuwa kimeelekea kwenye ile miguu.

Mwenyekiti alinishukuru. Alisema ilikuwa inagusa sana, na kwamba hata hivyo watoto walioletwa ukumbini hawawezi kuchukuliwa kuwa takwimu zilizothibitishwa. Dakika zangu tatu zilikuwa zimekwisha.

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Saba walikubali kufunga, mmoja alikataa. Maureen alikuwa wa sita kuinua mkono, na mkono wake wa pili ulikuwa unapekua kishikwambi kana kwamba kuna kitu cha haraka alichokuwa anakisoma. Dua la kuku, nikasema moyoni, na nikajua hata dua lenyewe nililiharibu.

Nilitoka mbio kuwatafuta kina mama. Zahra alinipa salamu ya midomo, akapita. Angélique alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Nikamwita. Hakugeuka, na Plamedi alikuwa bado ndani ya koti.

Alhamisi ya wiki ileile Tatiana hakuja. Idara yake ilikuwa imengoja kura tu; wakamhamishia upande mwingine wa mji kuanzia kesho yake, na yeye akanitumia ujumbe mrefu wenye alama za kulia. Angélique naye hakuja, kwa hiyo hakujua kwamba Tatiana ameondoka. Nilimpigia simu, ikaita, ikaita. Mwisho wa mwezi tulipakia vitabu na mizani kwenye masanduku. Mtu wa halmashauri alikuja kubadilisha kufuli akaniomba kadi yangu ya shingoni. Nilipokwenda hotelini wakaniambia yule dada na mtoto wamehamishwa. Wapi? Hawaruhusiwi kusema.

Mwezi wa sita Zahra alinihurumia, akanipa anwani. Ilikuwa Southall. Nilipanda treni nikabadilisha nyingine, nikashuka, nikapita maduka ya bangili za dhahabu na vitambaa vinavyometameta, nikiwa na mfuko wa mandazi niliyopika asubuhi. Chumba kilikuwa juu ya duka la simu. Angélique alifungua mlango, akaniangalia, na adabu ya kwao ikamshinda. Alinikaribisha ndani.

Plamedi alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta. Alikuwa amerefuka. Nilimwita jina lake, nikapuliza mashavu nikimchekesha, nikamwambia maji, Plamedi, sema maji. Alinitazama kama unavyotazama ukuta uliouzoea.

"Hasemi," Angélique akaniambia. "Tangu ile wiki ulimuhesabu. Asubuhi yake alikuwa kimya. Mpaka leo."

"Angélique, mama, ni kwa sababu Tatiana aliondoka. Ni wiki ileile. Mtoto alikatizwa."

"Na Tatiana aliondoka juu ya nini?"

Nilifungua kinywa. Jibu lilikuwepo, refu, lenye halmashauri na serikali na kura saba. Nilikuwa nimelitoa mara nyingi kwa watu wengi. Mbele yake sikuliamini sawasawa hata mimi, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Nikaomba msamaha. Nilimwambia nimekosa, kwamba nilijua na bado nilifanya. Akasema sawa, kwa namna ambayo mtu husema sawa kwa anayemuuzia kitu asichokitaka.

Ndipo nikatoa nilichokuwa nimekuja nacho. Nilikuwa nimetafuta wiki mbili nzima. Huko alikohamishiwa kulikuwa na huduma ya matamshi ya watoto iliyokuwa bado inapokea, ila mzazi lazima ajiandikishe mwenyewe kwenye simu, na nafasi zinafungwa mtoto akifika miaka minne. Plamedi alikuwa amebakiwa na miezi saba. Nilimweleza yote hayo taratibu. Alisikiliza. Alimwangalia mwanawe muda mrefu, kisha akachukua simu yake.

Aliandika jina lake. Akaandika anwani. Akabonyeza, ukurasa ukafunguka, na swali la kwanza la ukurasa ule lilikuwa idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano nyumbani kwako.

Kidole chake kikasimama.

"Ni mashine tu," nikamwambia. "Hakuna mtu anayeangalia. Weka moja, mama. Moja tu."

"Kambini pia ilikuwa mashine."

"Angélique, nakuomba."

Alikuwa mtulivu kabisa. Plamedi alikuwa ameinuka, amekuja kumwegemea goti, na mama yake akamzungushia mkono mmoja akambana ubavuni. Kwa mkono wa pili akabonyeza sifuri.

Niliiona. Ningeweza kumpokonya ile simu. Ni mwanamke mwembamba na mimi ni mzito. Lakini nilikuwa nimeshamhesabu mtoto huyu mara moja bila ruhusa ya mama yake, na mkono wangu haukunyanyuka. Ukurasa ukazunguka kidogo, ukaandika kwamba wanamshukuru, na kwamba kwa mujibu wa majibu yake huduma hii haimhusu.

Aliusoma mara mbili. Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona akitabasamu.

"Umeona?" akasema. "Batatuacha sasa. Habatatutafuta tena."

Aliinuka akawasha kettle, akafungua mandazi yangu akayapanga kwenye sahani, akamkatia Plamedi kipande. Nilitaka kumwambia kwamba tangu mwanzo hakuna aliyekuwa anawatafuta. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Akaniuliza kama natia sukari. Nikasema ndiyo, vijiko viwili.